Goti la Kuazima

Maneno yale yalimkuta Mama Msumari ana pini mdomoni, ndiyo maana hakuyajibu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni anakunja pindo la sketi, na mwenye sketi amesimama juu ya kigoda, anaongea kama redio ambayo mwenyewe ametoka akaisahau.

"Eti lile goti linaloonekana kwenye picha za hospitali si la mwanao," alisema yule mteja. "Eti kila timu anayokwenda kusaini, anapeleka picha ya goti la mtu mwingine. Mimi sijui, mama. Nimeyaokota njiani, nikasema niyafikishe kwa mwenyewe."

Mama Msumari alichomoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa.

"Simama wima," akasema. "Ukiyumba pindo litakwenda upande, halafu utanitangaza kwamba sijui kushona."

Sketi ikaisha, mteja akaondoka, maneno yakabaki. Neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Mama Msumari alikanyaga cherehani siku nzima, na kila sindano ilipopanda na kushuka alisikia goti, goti, goti. Alijiambia ni fitina tu. Mtoto wa mtu akipanda ndege, wanaobaki chini huwa na mengi ya kusema. Alijiambia hivyo mpaka usingizi ukamchukua, na asubuhi alipofumbua macho maneno yalikuwa yamekaa pale pale miguuni pa kitanda, yakimsubiri.

Mwanawe alikuwa straika. Si straika wa mtaani wa kushangiliwa na watoto na kulipwa soda. Alikuwa straika wa mkataba, aliyekwisha kucheza nchi tano. Jina la Msumari alipewa na wenzake utotoni, kwa sababu alikuwa mwembamba, na ukimgongomea kati ya mabeki wawili anazama humo humo mpaka atokee upande wa pili. Mama mwenyewe hakumwita hivyo. Mtoto alikuwa amerithi jina la babu mzaa mama, kwa hiyo mama alimwita "baba", kama inavyopasa.

Nchi hizo tano mama hakuzijua kwa ramani. Shule yake iliishia ya msingi, na ramani aliyoikumbuka ukutani mwa darasa ilikuwa imechanika katikati. Alizijua kwa jezi. Kila timu aliyoichezea, Msumari alileta jezi moja, na mama akaitundika ukutani juu ya cherehani. Ya kwanza ilitoka nchi ya baridi, ambako Msumari alisema ukitema mate yanafika chini yameganda. Mama hakuamini, lakini alicheka. Jezi ile ilikuwa ya kifalme: mshono mara mbili, namba imetariziwa, shingo hailegei hata uivute vipi. Ya nchi ya mchanga mtupu nayo ilikuwa nzuri. Ya kisiwani ilikuwa na mshono mmoja, tena wa haraka. Iliyofuata, namba ilikuwa imebandikwa kwa pasi. Ya mwisho ilibandikwa kwa gundi, na mkia wa ile tisa ulianza kubanduka, ikabaki kama sifuri inayojikuna.

Wateja walioingia kupimwa nguo waliutazama ukuta ule wakasema, "Mama Msumari, mtoto wako ameizunguka dunia." Yeye aliitikia asanteni. Lakini jicho la fundi halilali. Wenzake waliona dunia. Yeye aliona ngazi, na mwanawe akiishuka.

Aliyekuwa akimhamisha huku na kule ni mjomba wake, mdogo wake mama, tumbo moja. Mjomba hakuwahi kupiga mpira hata wa makaratasi, lakini alikuwa na ulimi, simu mbili na koti. Mpira wa siku hizi, alikuwa akisema, unachezwa zaidi na makoti. Mama alimkabidhi mtoto kwa moyo mweupe. Mjomba ni mama asiyevaa gauni. Wakala wa kando angeweza kumuuza mwanangu kama gunia, alifikiri. Ndugu yangu atamwonea huruma.

Basi mkataba wa nchi ya tano ulipokwisha, Msumari akarudi nyumbani. Mjomba alisema kijana amemaliza na timu. Msumari, alipoulizwa, alisema, "Wamemaliza na mimi," akacheka, akaomba maji.

Mama alimtazama akitoka sebuleni kwenda uani. Alitembea wima mno, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani. Mwendo ule mama aliujua. Aliwahi kulala nao kitanda kimoja.

Marehemu mumewe alikuwa mchukuzi wa mizigo kwenye maghala. Kila alfajiri wachukuzi walijipanga mbele ya lango, na nyapara akapita akiwakagua kama anayechagua mbuzi: wewe ingia, wewe ingia, wewe rudi kwa mkeo. Aliyekunja uso hakuchaguliwa. Aliyeshika kiuno hakuchaguliwa. Mgongo wa Baba Msumari ulipoharibika, mkewe alikuwa akimfunga mshipi wa turubai chini ya shati, akiukaza kwa goti lake mwenyewe, na mume akatoka wima kama askari. Msumari mdogo alikuwa akisimama mlangoni, mswaki mdomoni, anatazama. Hakuna aliyemweleza chochote. Lakini mtoto hafundishwi yote. Mengine huyaokota kwa macho. Baba mtu aliendelea kuchaguliwa na kusifiwa na nyapara, mpaka siku aliyoanguka na gunia. Aliinuliwa na wenzake, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuinuliwa na wenzake.

"Njoo nikupime suruali, baba," mama alisema.

"Suruali ninazo, mama."

"Unazo za dukani. Njoo."

Alimpima kiuno, akampima urefu. Akazungusha utepe paja la kushoto. Akazungusha la kulia, na utepe ukapitiliza, ukaacha pengo la vidole vitatu. Mama akapima tena, kwa sababu utepe nao huzeeka. Vidole vitatu. Msumari alikuwa ametazama ukutani kwenye jezi zake kama vile mguu unaopimwa ni wa jirani.

"Huu mguu umeliwa na nini?"

"Mazoezi, mama. Mguu mmoja hufanya kazi kuliko mwenzake."

"Nimepima miguu ya watu kabla hujazaliwa. Usinishonee uongo. Mshono wa uongo naujua."

Msumari akacheka kidogo, kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja, na alipokaa, goti lilitoa mlio kama kitasa kikavu. Ndipo akasema. Kano za goti zilikatika kule kisiwani. Daktari wa timu alitaka kumpasua, apumzike msimu mzima. Mjomba akasema straika akilazwa msimu mzima anaamka hana namba. Wakaondoka na goti lao. Tangu hapo akawa mtu wa sindano ya ganzi, moja kabla ya mechi na nyingine wakati wa mapumziko.

"Uwanjani sisikii kitu," alisema. "Ganzi inaisha ndani ya basi. Wenzangu wanaimba, mimi nauma taulo."

"Na picha za hospitali?"

"Hizo anajua mjomba."

"Goti la nani, baba?"

"Mama. Anajua mjomba."

Mama Msumari alikunja utepe wake taratibu. Siku zote hizo alikuwa amewalaani wenye fitina, na sasa alitamani kwa moyo wote kwamba fitina ingekuwa fitina.

Mjomba alifika kesho yake, koti begani, simu mbili mkononi.

"Dada, bandika chai. Nimekuja na habari ya kunenepesha."

"Iseme kwanza, nijue kama inastahili sukari."

"Timu imepatikana. Straika wao amevunjika, dirisha la usajili linafungwa wiki hii, wanataka mtu mzoefu asiyehitaji kufundishwa njia ya golini. Kocha atamtazama mazoezini siku mbili, daktari ataangalia picha, tunasaini."

"Na goti?"

"Goti lipi?"

"Sijui. La kwenye picha, au hili ambalo liko hapa nyumbani linasikiliza?"

Mjomba akamgeukia Msumari. "Umemwambia?"

"Kanipima," alisema Msumari.

Mtu mwingine angeinamisha uso. Mjomba alivuta kiti. "Dada, usinitazame hivyo. Kwenye mpira kila mtu ameazima kitu. Huyu kaazima umri, yule kaazima jina. Sisi tumeazima goti tu, tena goti moja."

"Lirudishe kwa mwenyewe. Huyu atibiwe."

"Atibiwe na nani? Na wewe, kwa sindano ya cherehani?"

"Haendi."

"Hilo aseme yeye. Ana ndevu."

"Ndevu anazo, lakini paja hana. Nimesema haendi. Kunywa chai yako ukiwa umesimama, mlango unaujua."

Mjomba akainuka bila haraka. Alikuwa mwindaji anayejua kwamba mnyama akishanusa chambo, kelele za nini.

Siku ya pili Msumari alimfuata mama kwenye cherehani, akakaa, akanyoosha mguu mbovu juu ya robota la vitambaa.

"Mama, nisikilize mpaka mwisho. Mchezaji akiumia akiwa na timu, timu inamtibu. Akiumia akiwa kwa mama yake, anakandwa maji ya moto. Ni kweli au si kweli?"

"Walipotaka kukutibu mlikataa."

"Nilikuwa mjinga. Sasa nina akili. Nikishasaini, mechi ya kwanza naingia, nakimbia kidogo, naanguka mwenyewe. Nashika goti. Nimeumia kazini. Watanipasua kwa gharama yao, watanilaza kwenye shuka zao, nitarudi na mguu mzima. Sitaki tena goli hata moja. Nataka mguu tu."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Maneno yale yalimwingia, si kwa sababu alikuwa mjinga, bali kwa sababu ndiyo akili pekee aliyoijua maisha yake yote: pita langoni kwanza, maumivu utayaeleza ukiwa ndani.

"Unaapa utaanguka?"

"Naapa kwa kaburi la baba."

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?"

Msumari akatoa chini ya kiti suruali nyeusi ya kubana, ile ambayo wachezaji huivaa ndani ya bukta. "Kocha mwenyewe ni wa zamani. Wanasema kabla hajatazama mpira anatazama mapaja."

Mama Msumari aliipokea ile suruali, akaigeuza ndani nje. Alikuwa na sponji aliyozoea kuweka kwenye mabega ya makoti ya wanawake wa ofisini. Aliikata nyembamba, tabaka juu ya tabaka, akazichonga kingo zisionyeshe zinapoanzia, akaishona kwa mkono upande wa kulia, mshono wa kutembea chini ya kitambaa bila kutokeza juu. Akamvalisha. Akamwambia aruke, achuchumae, akimbie papo hapo. Akarudi nyuma akatazama kwa jicho la kocha: mapaja mawili, mapacha. Haikuwahi kutokea katika maisha yake ya ufundi kazi safi kama ile, na hakukuwa na mteja hata mmoja wa kuonyeshwa.

Basi mjomba akaazima goti, mama akashona paja, na kijana akaondoka amekamilika.

Kocha alitazama akaridhika. Daktari alitazama picha akaridhika. Msumari akasaini, akasimama amevaa jezi mpya katikati ya watu wenye tai. Mama hakuwa na simu ya kuonyesha mpira, kwa hiyo siku ya mechi alikwenda chumba cha pili, kwa msusi, jirani yake wa ukuta mmoja aliyeishi na mdogo wake wa kiume, akakaa kati ya wanawake waliosukwa nusu kichwa, wote wakiitazama simu ya msusi. Alikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa akimwombea mchezaji aanguke.

Msumari hakuanguka. Mpira ulimkuta kati ya mabeki wawili, akazama kama alivyozama utotoni, akatokea upande wa pili, nyavu zikatikisika. Wanawake wakapiga vigelegele, vitana vichwani.

"Mama, umeona?" alimpigia jioni. Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi. "Wameniimbia. Uwanja mzima jina langu."

"Nimeona. Umeanguka saa ngapi?"

"Mechi ijayo, mama."

Mechi iliyofuata akafunga tena. "Bado kidogo tu," alisema. "Nikianguka sasa watasema nimeogopa mechi kubwa." Straika ni kiumbe wa ajabu. Mwambie aanguke, yeye ataona goli. Mama alimkumbusha kaburi la baba yake. Msumari akasema, "Baba naye asingeanguka, mama. Unajua mwenyewe." Na ilikuwa kweli.

Mechi kubwa ikafika. Hakuna aliyemgusa. Hilo ndilo alilolikumbuka mama siku zote, kwamba hapakuwa na mtu karibu. Msumari aligeuka kuufuata mpira. Mwili ukageuka, mguu ukabaki ulikokuwa. Msusi alifunika ile simu kwa kiganja, lakini mama alikwisha kuona.

Sasa alikuwa ameanguka kweli kazini, na kama maneno yake yangekuwa dawa, hapo ndipo yangeanza kutibu. Lakini daktari wa timu alimpiga picha mpya, akaiweka kando ya ile ya usajili, akaita wakubwa. Goti hili na lile, alisema, hata si majirani. Wakamuuliza Msumari, akasema anajua mjomba. Wakampigia mjomba, simu zote mbili zilikuwa zimezimwa. Mkataba ukafutwa kwa udanganyifu. Shuka zao hakuzilalia. Walimpa magongo ya kumfikisha uwanja wa ndege, na pale mlangoni dereva wa timu akamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba magongo ni mali ya klabu. Msumari akaipanda ngazi ya ndege kwa mikono.

Jezi ya sita haikuja.

Hospitali ya nyumbani ilifanya ilichoweza. Daktari alieleza taratibu kwamba goti lingepasuliwa kule kisiwani lingepona. Sasa kilichobaki ni kulifanya lisiume sana, lakini kukunja halitakunja. Msumari siku hizi hukaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa jezi, mguu umenyooshwa mbele kama ubao, anamshonea mama yake vifungo. Anaposimama anachechemea wazi wazi. Hana tena nyapara wa kumtazama. Mama anasema akisikia hatua zile uani, moja nzito moja ya kuburuta, huwa anaona heri. Angalau mguu sasa unasema kweli.

Mjomba hakuja kutoa pole. Alituma ujumbe wa sauti, akilaumu nyasi za uwanja ule. Halafu, siku moja, mama alisikia sauti yake ng'ambo ya ukuta, kwa msusi, akicheka, akisema bandika chai.

Alisubiri aondoke, akaenda.

"Ndugu yangu alikuwa anatafuta nini hapa?"

Msusi aliendelea kumsuka mteja wake. "Anamchukua mdogo wangu. Kijana anapiga mpira vizuri, unajua mwenyewe. Tena ndugu yako anamfahamu siku nyingi."

"Lile goti la kwenye picha lilikuwa lake?"

Vidole vya msusi vikasimama, kisha vikaendelea. "Walimwita hospitali mara moja, wakampiga picha, wakampa njumu. Sisi tulidhani wanampima." Akatabasamu bila kukusudia. "Ndugu yako anasema goti lenyewe limeshafaulu vipimo nchi tatu. Limebaki kwenda na mwenyewe tu."

"Usimtoe, mwanangu. Nakuomba. Au kama lazima aende, aende na mtu mwingine."

Msusi akaweka kitana chini. "Mama Msumari, mimi nakuheshimu. Lakini ukuta wako ulipokuwa unajaa jezi, hukuja kuniambia mpira ni balaa. Tena tulishangilia wote humu ndani. Wa kwako ameanguka, ndipo wa kwangu asipande?"

Mteja aliyekuwa akisukwa aliangalia sakafu. Mama Msumari akasema, "Una haki ya kuniona hivyo," akarudi kwake.

Alichukua karatasi ya kahawia, ile ya kukatia mitindo ya nguo, akaipiga pasi inyooke. Hakuwa mwandishi, mara ya mwisho kuandika zaidi ya vipimo vya mtu ilikuwa darasani. Msumari alimwona akilamba ncha ya kalamu, akauliza anaandika nini. "Kata uzi," mama alimjibu. Alipomaliza, aliibandika ukutani kati ya milango miwili, mahali ambapo wanawake hukaa wakingoja zamu ya kusukwa, na ambapo msusi hawezi kuingia kazini asiisome. Iliandikwa hivi:

Kwa mama mwenye mtoto wa mpira.

Usimpe ndugu mtoto kwa sababu ni ndugu. Muulize maswali yale yale ambayo ungemuuliza mgeni.

Usiruhusu mtoto apigwe picha hospitali kama haumwi.

Usikubali neno "ganzi kidogo tu".

Usimsifu mtoto kwa kutokulia.

Usihesabu nchi alizokwenda.

Akirudi nyumbani usimtazame usoni. Mtazame anavyoshuka ngazi.

Usiamini kwamba ataanguka siku aliyoahidi. Anapenda goli kuliko wewe.

Usimfunge mumeo mshipi mbele ya watoto.

Akikuletea nguo umshonee ya kuficha kidonda, usishone.